Siku Nne Shule ya Juu

Benchi letu liko mbele ya duka la fundi cherehani tunayemwita Sentimita, kwa sababu hata ukimsalimia anakupima mabega kwa macho kabla hajaitikia. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, una nafasi ya watu wanne, watano wakiwa hawajanuniana. Kushoto nakaa mimi na kisanduku changu cha kushonea viatu; mimi wananiita Soli. Kati anakaa Takwimu, karani mstaafu, mtu asiyeweza kusema jambo bila kulitia asilimia. Kulia, siku asipokuwa na zamu, anakaa Kamanda, mlinzi wa geti la Shule ya Juu. Kahawa inatoka kwa Mama Birika, ambaye haketi kamwe, anasimama mbele yetu kama refa. Barabara inayotupita ina shule mbili upande mmoja, hatua kama mia nne kutoka moja hadi nyingine. Ya kwanza tunaiita Shule ya Juu na ya pili Shule ya Chini, ingawa hakuna kilima. Barabara ni tambarare kama meza. Sketi za kote ni za bluu, sweta za kote ni za kijivu, na Sentimita ndiye anayezishonea beji kifuani: mwenge kwa Shule ya Juu, kitabu kwa Shule ya Chini.

Jumamosi moja asubuhi Sentimita alichelewa kutoka dukani, na alipotoka hakuwa na futi yake shingoni. Tukatazamana. Hakukaa.

— Kamanda, alisema, wiki hii pale getini umepitisha watoto gani?

— Wote wenye beji.

— Umemwona msichana mwembamba, nywele fupi, mkoba mwekundu wenye mkanda ulioshonwa kwa uzi mweusi?

Kamanda akatabasamu.

— Yule? Nimemwona vizuri sana. Kila asubuhi ananipa shikamoo. Watoto mia tatu wanapita pale, yeye peke yake ndiye anayenisalimia. Nikajiambia, huyu ametoka nyumba yenye malezi.

— Ametoka nyumba yangu, alisema Sentimita. Ni mjukuu wangu. Na ni wa Shule ya Chini.

Mama Birika akaacha kumimina katikati ya kikombe changu.

Lazima nieleze hapa. Binti yake Sentimita ni muuguzi, na mwaka huu kazini kwake walimpeleka masomoni mbali. Mtoto wake, wa miaka kumi na mmoja, akaja kukaa kwa babu wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa. Mimi na Mama Birika tulikuwa tukimwona ndani, amekaa chini ya meza ya kukatia akisoma magazeti ya zamani ambayo babu yake anachoria ruwaza za nguo. Kamanda hakumjua, maana likizo ya shule na yeye alikuwa likizo kwao. Sentimita alimwandikisha mtoto Shule ya Chini, akamshonea sweta, akamwonyesha barabara kwa kidole. Nyoosha hivi, usivuke, shule iko upande huu huu. Alisahau kumwambia kwamba kabla ya hiyo kuna nyingine.

— Basi kapotea siku moja, alisema Takwimu. Asilimia tisini ya watoto wapya hupotea.

— Siku nne, alisema Sentimita. Jumanne mpaka Ijumaa.

— Lakini alikuwa na beji, Kamanda akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. Mwenge kabisa. Niliuona.

— Alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeishona.

Ndipo akakaa, na tukasogea kumpa nafasi. Macho ya Sentimita yamechoka kitambo, na miwani anayotumia aliachiwa na marehemu kaka yake, si yake hata kwa namba. Siku za mwisho za likizo alishona beji nyingi kwa haraka. Jumanne ileile shule zilipofunguliwa, saa nne asubuhi, gari lilisimama mbele ya duka na dereva akashuka ameshika sweta kwa vidole viwili. Mtoto wa tajiri wake, mvulana wa Shule ya Juu, alikuwa ameshonewa beji ya kitabu. Mama mtu alikuwa amekwisha piga simu shuleni, shule imekwisha mpigia Sentimita, na dereva hakuzima hata injini. Sentimita akaomba radhi, akafumua kitabu, akashona mwenge, akashukuru Mungu yameisha. Hakukaa akajiuliza mwenge wa mvulana ulikuwa umekwenda kwenye kifua cha nani.

— Umejuaje sasa? nikamuuliza.

— Kwa kitunguu.

Hakuna aliyecheka. Akaendelea.

— Jana jioni nakata vitunguu, yeye akaokota ule utando wa ndani, ule laini kama karatasi, akauinua kwenye taa. Akaniambia, Babu, humu ndani kuna ukuta wa matofali, umepangwa vizuri kuliko wa kwetu. Nikamuuliza nani kakwambia. Akasema ameona mwenyewe, shuleni wana darubini ya kutazamia vitu vidogo, kila watoto wawili yao moja. Nikaweka kisu chini. Mimi nimesoma Shule ya Chini, binti yangu kasoma Shule ya Chini. Pale chombo cha kutazamia vitu vidogo ni jicho lako.

— Ukampiga? aliuliza Mama Birika.

— Nimpige kwa kosa langu? Nilimwuliza tu. Akaniambia yote.

Akageuka, akaita kwa mlango. Mjukuu akatoka. Alikuwa na sweta mkononi na kisu kidogo cha kufumulia, mwenge umeachia upande mmoja na kuning'inia. Akatuamkia mmoja mmoja, na alipofika kwa Kamanda akainamisha kichwa kidogo zaidi.

— Waeleze babu zako, alisema Sentimita.

— Siku ya kwanza nilikosea, mtoto akasema. Mvua ilikuwa inanyesha. Babu huyu wa getini alinifungulia mwavuli, akaniambia ingia mwanangu utalowa. Nikaingia. Mwalimu akaniuliza jina, nikamwambia, akaliandika kwa kalamu chini ya mengine. Saa ya kula ndipo nikajua siyo shule yangu, kwa sababu kila mtoto alipewa sahani.

— Na siku ya pili? aliuliza Takwimu.

— Siku ya pili sikukosea.

— Na ya tatu?

— Ya tatu na ya nne nilikwenda tu.

Alisema hivyo bila ujeuri wowote, kama mtu anayetaja saa. Kamanda akaweka kikombe chini na kufuta uso kwa kiganja.

— Kule kukoje? alimuuliza Mama Birika, na nadhani wote tulikuwa tukingoja mtu aulize.

Mtoto akafikiri.

— Ukinyoosha mkono unaonekana, alisema.

Babu yake akamrudisha ndani amalizie kufumua. Kisha benchi likawaka.

Takwimu alikuwa wa kwanza. Akasema jambo hili limethibitisha alichokuwa akikisema miaka yote, kwamba asilimia sabini ya kufaulu kwa mtoto ni beji, na thelathini iliyobaki ni chakula cha mchana.

— Hapana, alisema Mama Birika. Ni viti. Mimi nilipeleka kahawa kule siku ya wazazi, nikaviona. Kila kiti kina mgongo. Mtoto akikaa kwenye ubao usio na mgongo, akili yote inashuka kushughulikia kiuno.

— Ndiyo maana sisi hapa hatuna akili, nikasema, nikagonga benchi.

— Wewe unacheka, lakini lini umefikiria kitu cha maana hapa?

Mimi nina nadharia yangu, na sikuona sababu ya kuificha. Nimeshona viatu vya watoto wa shule zote mbili kwa miaka kumi na minane. Vya Shule ya Juu vinaisha mbele, kwenye vidole. Vya Shule ya Chini vinaisha nyuma, kwenye kisigino. Wale wanakwenda shule mbiombio, hawa wanaburura miguu. Mpe mtoto kitu cha kukimbilia, uone soli yake itaisha wapi.

— Hiyo ni kwa sababu wale wanashushwa na gari mlangoni, alisema Kamanda. Hatua ishirini tu wanatembea, lazima wakimbie.

— Basi eleza wewe, mtu wa ndani.

Kamanda akajiweka sawa. Alisema siri ni hewa. Pale majani yanamwagiliwa asubuhi na jioni, hewa inakuwa ya ubaridi, na ubongo ni kama injini, ukipata joto unagoma. Yeye mwenyewe, akiwa kazini pale, huwa anakumbuka hata namba za simu za watu waliokufa. Akirudi nyumbani chini ya bati, hakumbuki alikoweka funguo.

— Kwa hiyo tuibe hewa, alisema Mama Birika.

— Tusiibe kitu, alisema Takwimu, na tukaona macho yake yamechangamka, dalili mbaya. Sikilizeni. Huyu mtoto mmoja kakaa siku nne bila kujulikana. Maana yake geti halitazami mtoto. Linatazama beji. Kamanda, kweli si kweli?

— Sikuajiriwa kutazama sura, alisema Kamanda. Mkataba unasema sare kamili.

— Vizuri. Sentimita, una beji ngapi za mwenge humo ndani?

— Wewe usianze.

— Unashona kumi. Jumatatu wanaingia kumi. Jumanne kumi. Hatuwastui. Kufikia mwisho wa muhula, Shule ya Chini yote iko Shule ya Juu. Darasa la watoto kumi na wanane linakuwa na watoto mia na kumi. Wazazi wa kule wataona watoto wao wamebanwa, watawatoa. Watawapeleka wapi? Shule iliyo karibu na isiyo na mtu. Shule ya Chini. Wakihamia wataweka viti, wataweka vyoo, wataleta darubini, watapanda majani. Ikishakuwa nzuri, Sentimita anabadilisha beji, tunarudi kwetu.

Tukaupima mpango huo. Ubaya wa mipango ya Takwimu ni kwamba ukiisikiliza unaweza kukubali.

— Halafu wao wanarudi kule, nikasema.

— Wanarudi, na sisi tunawafuata. Asilimia mia. Na watoto wa pande zote watapata mazoezi ya kutembea.

Hata Sentimita akacheka, kicheko cha puani, lakini hakikudumu.

— Nyinyi mnapiga soga, alisema, na mimi Jumatatu nina kazi ya kumshika mtoto mkono na kumpeleka kwenye darasa la watoto tisini na wawili. Nitamwambia nini? Jana usiku kaniuliza kama nitamshonea kitabu vizuri, kisikae upande. Hakulalamika. Angelalamika ningejua la kusema.

— Na mimi nitaondolewa getini, alisema Kamanda polepole. Na wewe watakunyang'anya kazi ya beji. Mambo haya yakifika ofisini hakuna atakayesema ni mvua.

Hapo ndipo tulipomwona mwanamke anakuja kutoka upande wa Shule ya Juu. Alikuwa kijana, viatu vya chini, mkoba wa turubai begani, na alikuwa anasoma vibao vya maduka kimoja kimoja. Kamanda akasimama wima kabla hajajua amesimama.

— Mwalimu wa sayansi, akatunong'oneza. Ndiye huyo mwenye darubini.

Alifika, akatusalimu, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi wa beji. Sentimita akasema ndipo. Mama Birika, ambaye katika hali ngumu anajua jambo moja tu la kufanya, akamjazia mgeni kikombe. Nikaondoa kisanduku changu, mwalimu akakaa kati yangu na Takwimu. Aliushika ubao kwa kiganja kuona kama umetulia.

— Nina daftari la mtoto, alisema. Alilisahau jana.

Akalitoa mkobani na kuliweka magotini. Alieleza bila kupandisha sauti. Kwenye orodha yake ofisi ilichapa majina kumi na manane. Yeye akaandika la kumi na tisa kwa kalamu, akijua wiki ya kwanza orodha huwa na makosa. Ijumaa mchana ofisi ikamrudishia, jina limekatwa, pembeni wameandika hatumtambui. Akamtafuta mtoto, alikuwa amekwisha kuondoka. Akaona kwenye jalada la daftari kipande cha ruwaza ya shati, ile karatasi wanayotumia mafundi cherehani. Na fundi cherehani wa barabara hii ni mmoja tu.

— Umewaambia? aliuliza Sentimita.

— Nimewaambia orodha ilikuwa na kosa, limesahihishwa. Hawakuuliza zaidi.

Kamanda akakaa. Alikaa taratibu, kama mtu anayeshushwa kwa kamba.

— Fundi, mwalimu akaendelea, sikuja kugombana. Nimefundisha miaka sita. Siku ya pili niliwauliza watoto, kwa nini kitunguu kinatoa machozi na karoti haitoi. Kumi na wanane walinitajia jibu la kitabuni. Wako akaniambia, kwa sababu kitunguu ni kuta nyingi, ukizivunja zote kwa mara moja lazima kitu kilichofungiwa kitoke. Nililala na jibu hilo.

Sentimita alikuwa anatazama mikono yake.

— Kiti siwezi kumpa, alisema mwalimu. Hilo si langu. Lakini Jumamosi saa nne mpaka saa sita nafungua chumba cha sayansi kwa watoto wanaotaka, na wanaokuja ni watatu, wanne. Nina karatasi ya ruhusa kutoka ofisini. Imeandikwa watoto. Haikuandikwa watoto wa wapi. Nimeisoma mara mbili.

— Na getini? aliuliza Takwimu.

Mwalimu akamtazama Kamanda. Kamanda akasema Jumamosi sare hailazimishwi. Akasema pia kwamba ataomba wampangie zamu ya Jumamosi, maana kuanzia sasa ana mtu wa kumsalimia.

Mama Birika akafungua pakiti ya biskuti ambayo kwa kawaida anatuuzia moja moja, akaipitisha bure. Mambo yakalegea. Takwimu akaanza kumweleza mwalimu mpango wake wa beji, mwalimu akacheka mpaka kahawa ikamwagika, akamuuliza kama amefikiria walimu nao watahamaje. Takwimu akakiri hilo bado analifanyia hesabu. Mimi nikamshonea mwalimu kamba ya mkoba iliyokuwa imeanza kuachia, naye akanipa viatu vyake nivitazame. Vilikuwa vimeisha mbele na nyuma sawasawa, kitu ambacho sijawahi kukiona.

Mjukuu akatoka ndani na sweta. Kitabu kilikuwa kimekaa kifuani, kimenyooka kabisa. Kumbe alikuwa amekishona mwenyewe. Alipomwona mwalimu akasimama mlangoni. Mwalimu akampa daftari, akamwambia habari ya Jumamosi. Mtoto akauliza kama anaweza kuja na mwenzake atakayempata Shule ya Chini. Mwalimu akasema aje naye, darubini zipo. Basi mtoto akakaa chini karibu na miguu ya babu yake, akafungua daftari kuangalia alama za wino mwekundu, na kwa muda tukawa watu walioshiba.

Mwalimu alikuwa anamaliza kahawa. Akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia:

— Na huko shuleni kwake, siku nne zote hizo, nani alimuulizia?

Nilimtazama Sentimita. Sentimita alimtazama Kamanda. Dereva alikuwa amefika saa nne asubuhi ya siku ya kwanza kwa ajili ya sweta ya yule mvulana, injini inaunguruma. Kwa mjukuu huyu hakuja mtu dukani, simu haikulia. Takwimu alifungua mdomo, na mimi kwa mara ya kwanza nilitamani atoe namba yoyote, hata ya uongo. Akaufunga. Mama Birika alitikisa birika lake. Halikuwa na kitu. Mtoto aliendelea kufungua kurasa.

Mwalimu alielewa, akasimama, akashukuru kwa kahawa, akaenda zake.

Jumatatu Sentimita alifunga duka asubuhi, jambo ambalo hafanyi hata akiumwa. Hatukupanga, lakini tulijikuta tunakwenda wote, mimi, yeye, na Takwimu aliyevaa koti lake la ofisini. Kamanda alitupungia mkono tulipopita getini kwake. Mtoto alikuwa mbele yetu, anatembea haraka.

Mwalimu wa Shule ya Chini alikuwa mama wa makamo, sauti imekauka, chaki kwenye nywele. Sentimita akaomba radhi, akaeleza mtoto hakufika wiki nzima iliyopita. Mama yule akashangaa. Akafungua daftari la mahudhurio, akashusha kidole kwenye majina mpaka akalipata. Tukainama wote kutazama. Jina lilikuwepo. Mbele yake kulikuwa na alama nne za vema, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mtoto alikuwa amehudhuria siku zote.

Hakujitetea. Alisema tu kwamba akiita majina tisini na mawili kipindi cha kwanza kinakwisha, kwa hiyo anashuka na kalamu tu. Aliyatazama yale madarasa mawili yaliyounganishwa chumba kimoja, aliyopewa kuyashika peke yake, watoto wamebanana wanne kwa dawati moja, kisha akamtazama huyu mmoja aliyesimama mbele yake na mkoba mwekundu. Akafunga daftari.

— Njoo hapa mbele, mwanangu, akamwambia. Sema jina lako, nalitaka nilisikie mwenyewe.

Sisi tulikuwa tumekwisha kutoka nje, tunapita chini ya dirisha lisilo na kioo. Mtoto akalisema kwa sauti. Sentimita akasimama kulisikia mpaka mwisho, kisha akasema twende, kuna kazi.